Onja Kwanza, Shemeji

Watu wa Ilembo wanaomsifu Odeta kwa upole hawamjui. Mimi Scola, jirani yake, namjua. Mama yule alikuwa na kinyongo, na alikitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza mbuzi wao. Kanisani alisikia habari za kusamehe saba mara sabini, ila katika hesabu hiyo hata moja hakufika.

Mumewe Venant alifariki kijijini kwao Katumba mwaka 1990, baada ya kuumwa tumbo miezi mitatu. Hata matanga hayajaisha, shemeji yake Dieudonne akatangaza kwamba Odeta alimwekea mumewe sumu kwenye pombe. Uongo mtupu, alilitaka shamba. Akalipata. Odeta akatoka na mabinti zake, Prisila na Emelyne, na mbegu za mtama zimefungwa kwenye kitenge.

Huku kwetu Ilembo kulikuwa na ghala la mawe lililoachwa na mgodi tangu enzi za Waingereza. Wenyeji wake walikuwa popo. Mwenyekiti wa kijiji alimpa Odeta kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Wanawake wale watatu walipandisha mawe yaliyoanguka, wakaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu, wakaezeka upya, wakalima mtama mpaka mlangoni. Mtama wakauotesha kimea humo humo ndani, wakapika pombe ya kuuza. Kuta zilikuwa nene, mna ubaridi, na pombe haikuwahi kuchacha.

Lakini lile neno la sumu lilifika kabla yao. Kwa desturi ya kwao Katumba, mpishi wa pombe huonja kwanza mbele ya wageni, mara moja, basi. Odeta alionja kila mtungi, na mteja akichelewa, alionja tena mbele yake. Miaka saba. Nilikuwa naona anavyoinua mrija kwa hasira, nikamchukia Dieudonne kabla sijamwona.

Nilimwona mwaka 1997. Mwanawe alikuwa anaposa kwa mzee Apollinarie, mteja wa siku nyingi pale ghalani, na mzee alishasema: pombe iwe ya Odeta, la sivyo hakuna posa. Dieudonne akaja mwenyewe, akakaa macho chini.

"Shemeji, yaliyopita si ndwele."

"Pombe utapata," Odeta alijibu. "Nitaileta mwenyewe."

Prisila alinuna siku mbili. Alitaka mama yake amtoe yule mtu kwa mchi. Hata mimi nilitaka hivyo.

Siku ya posa tuliuweka mtungi katikati ya ua wa Apollinarie, mirija imeshachomekwa. Watu walikuwa wengi. Mzee akamwashiria Odeta aonje. Odeta akabaki amekaa, mikono mapajani.

"Baba, mimi nimeonja miaka saba kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja," alisema. "Yupo hapa. Alisema nilimuua kaka yake kwa pombe. Leo aonje yeye. Kama mimi ni muuaji, asinywe, na nyie msinywe."

Wote wakamgeukia Dieudonne. Akinywa, amekubali kwamba alisema uongo. Asipokunywa, mwanawe hana mke. Dieudonne alimtazama Apollinarie, na mzee hakumsaidia kitu. Dieudonne akapiga magoti, akashika mrija, akanywa.

Nilifurahi, sifichi.

"Kwa hiyo ulimsingizia?" mzee akamuuliza.

"Nilimsingizia."

Wageni wakaanza kusogea kwenye mtungi. Odeta akainua mkono, wakasimama.

"Hiyo ilikuwa ya wageni," alimwambia shemeji yake. "Kunywa tena. Hii ni ya Venant."

Dieudonne akainama tena kwenye mrija, na Odeta hakumwambia basi mpaka alipomwona analia.