Vifaa vya Kuazima

Walisema sitamaliza hata mwezi kwenye mtaa wa mafundi wa Ngarenaro. Jirani yangu, mchomeleaji mageti, Mchaga mwenye sauti ya kengele ya kanisa, alinitangaza mbele ya wateja wake: "Diploma haikati chuma, bwana mdogo. Nenda Nduruma ukalime mahindi, huko angalau jembe utapewa." Fundi bati wa upande wa pili alicheka mpaka akashindwa kugonga ndoo.

Niseme wazi: diploma yangu ya ufundi mitambo niliitolea jasho, na miaka yote niliyofanya kazi Afrika Kusini hakuna mashine iliyonishinda. Ila vifaa vya kule vilikuwa vya kampuni. Nilirudi na mikono hii miwili na akiba ya kulipia kibanda, basi.

Lakini mtaa ule una utaratibu wake. Hakuna fundi mwenye kila kitu. Fundi bati ana mkasi, fundi pikipiki ana drili na grenda, mchomeleaji ana mashine ya kuchomelea, na kifaa huzunguka mwenyewe anapokipumzisha. Walewale walionicheka ndio walioniazima. Mchomeleaji alinipa mashine yake saa ya chakula tu. "Nikimaliza kula nikanawa mikono, unaiacha." Nikajifunza kuchomelea haraka kuliko mtu anavyomaliza sahani ya ndizi nyama.

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama wa Kimeru kutoka mlimani. Alileta mashine ya mkono ya kumenya kahawa, ya marehemu mumewe. Mafundi wengine walishamwambia aiuze kwa kilo, chuma chakavu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Itapona?"

Nililipenda swali lile. Bati la rola lilikuwa limelika, likawa linaponda punje badala ya kuzivua ganda. Nikakata bati jipya, nikaligonga vinundu kimoja kimoja kwa msumari niliounoa mwenyewe. Kiwandani wasingevipanga vizuri zaidi. Ikabaki kuunga shafti iliyopasuka, na hapo umeme ukaanza kukatika kila saa ya chakula.

Nilimwahidi Jumamosi, naye Jumamosi asubuhi akafika. Shafti bado. Kahawa mbivu alikuwa ameshaichuma, iko nyumbani kwenye magunia, na ikilala bila kumenywa inachacha. Hakunilaumu. Aliketi juu ya kopo la rangi, akakunja khanga mapajani, akasema taratibu, "Ikishindikana niambie tu, nikatwange kwenye kinu."

Umeme ulikuwepo. Lakini mashine ya kuchomelea ilikuwa mikononi mwa jirani, katikati ya kazi ya geti, na mwenye geti alisimama pale akilisubiri. Sikupata mdomo wa kuomba. Ni jirani mwenyewe aliyevua miwani yake ya kuchomelea.

"Mama, kahawa umeshachuma?"

"Tangu alfajiri, baba."

Akanisukumia mashine. Mwenye geti akaanza kufoka.

"Mzee, vumilia," jirani akamwambia. "Geti haliozi."

Nikaunga shafti. Fundi pikipiki akaja na grenda yake kuisawazisha, hakuna aliyemwita. Fundi bati akashika rola. Mama akaondoka kwa bodaboda, ameikumbatia mashine kama mgonjwa aliyeruhusiwa hospitali. Jioni alinipigia simu. Alinisikilizisha tu rola ikizunguka na punje zikidondoka kwenye ndoo.

Msimu ule mlima wote ukanijua. Najisifu, na nina haki: wanaoniletea mashine leo hupita milango ya mafundi wengine ndipo wafike kwangu. Nikanunua kifaa kimoja kimoja, mwisho mashine ya kuchomelea, mpya.

Siku niliyoileta, niliwazungukia wote walioniazima. Kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Mkasi niliurudisha umenolewa, drili na grenda nimezifunga nyaya mpya. Mchomeleaji nilimtengenezea kigari cha magurudumu, asiiburute tena mashine yake. Akakizunguka, akakipiga teke kukijaribu.

"Sasa sina deni lako, mangi," nikamwambia, kwa jina la heshima la Wachaga.

"Deni gani? Nilikuwa nimeshalisahau." Akachungulia kibandani kwangu. "Hiyo yako ina nguvu? Nina geti la watu hapa, na yangu inazimazima tangu jana."

Nikaipakia mwenyewe kwenye kigari, nikamsukumia mpaka mlangoni kwake.