Mfukizaji Aliyepona Kifua

Hapa kwetu Likoni, ukitaka kumkasirisha Jalila, mwambie pampu ya pumu ni dawa ya kufia. Atakukalisha chini hata kama ulikuja kuomba chumvi tu. Ni muuguzi katika zahanati moja kule Changamwe, na vifua vya watu wa viwandani vimemfundisha mengi. Atakueleza kwamba pampu ya bluu hufungua mirija ya hewa kifua kinapobana. Ya kahawia hutuliza uvimbe humo ndani, nayo huvutwa kila siku, hata siku unayojiona mzima, na ukishaivuta usukutue kinywa. Mdomo anao, lakini kwa hayo hakosei.

Mamake, Bi Mwanatabu, alikuwa mfukizaji. Harusi za mtaa huu zilimngoja yeye. Aliupika udi wake mwenyewe kwa sukari na marashi, akamfunika bibi harusi shuka juu ya chetezo chenye makaa, akamfukiza nguo na nywele huku akimpa maneno ya unyumba yaliyotuchekesha sisi wengine hadi tukatokwa na machozi. Alikuwa na pumu tangu utotoni. Katika ule moshi alikohoa, akacheka, akaendelea.

Siku moja kwenye harusi ya jirani kifua kilimbana vibaya. Midomo iligeuka rangi, na kila neno akawa analivuta kwa shida. Jalila alimkalisha wima, akampa ile pampu ya bluu kupitia chupa ya maji aliyoitoboa tako, akarudia na kurudia hadi gari la kumpeleka hospitali likafika. Mama alipopona, Jalila alikichukua chetezo akampa binamu yake, Waridi.

"Moshi ni moshi, mama, hata ukinukia."

"Wallahi Jalila, sasa ntakaa vipi na watu?"

"Utakaa ukiwa hai."

Nani angembishia?

Bi Mwanatabu alitii. Alivuta ya kahawia asubuhi na jioni, akasukutua, na kikohozi kikaisha. Kutoka nako kukaisha. Akialikwa harusi, alisema goti linamuuma. Wanawake waliokuja kumjulia hali aliwapokea mlangoni, kwa sababu kwake yeye nyumba isiyofukizwa hakaribishwi mtu. Mwishowe hata hao wakapunguza kuja. Jalila alirudi kazini jioni amechoka, akasikia mamake anapumua bila mluzi, akalala kwa raha zake.

Mwaka huu aliolewa Nadira, binti ya Jalila. Waridi ndiye aliyefukiza. Aliuunguza udi, maskini, na bibi harusi akatoka ananuka sukari iliyoungua. Hakuna aliyecheka, maana Waridi hana maneno. Bi Mwanatabu alikuwa uani peke yake, upande unakotoka upepo, kama alivyoagizwa na bintiye.

Jalila alimwona pale, na uso ukamsawijika. Iliwezekana tangu mwanzo: mwingine ashike chetezo, wafukize uani penye upepo, mama akae mbali na moshi akiwaamuru na kuwapa maneno yake. Muuguzi mzima, na jambo dogo kama hilo halikumpitia akilini! Mimi iliniuma, seuze yeye.

Akamwendea, akachuchumaa mbele yake, akamweleza hayo yote huku analia. Akamsihi aingie ndani walau amwambie mjukuu wake mawili matatu.

"Maneno yenyewe yamenitoka, mwanangu," Bi Mwanatabu akasema. "Nimekaa kimya sana."

Jalila akajifuta machozi. Akatoa mkobani chombo cha kusikilizia kifua, akakiweka mgongoni kwa mamake, akainamisha kichwa na kusikiliza kwa muda mrefu.

"Chasemaje?" mama akauliza.

"Ni safi, mama. Hakuna hata mluzi."

"Basi furahi," Bi Mwanatabu akamwambia, akilitengeneza buibui lake. "Si ndicho ulichokitaka?"