Weusi wa Watu Wawili

Mama Pacha alirudi kazini na kitambaa cha kufutia machozi mkononi, moyo ukimdunda kama wa mwanafunzi mgeni. Macho yake yalikuwa yameugua sana. Yalipona, ila yalibaki na kinyongo na mwanga. Daktari hakumficha: "Ukiweza kuipunguzia skrini ukali, endelea. Usipoweza, mama, tafuta kazi nyingine."

Kazi nyingine yeye hakuitaka. Kuandika programu ndiko kulikomfanya aamke akiimba, mpaka pacha wake wakamsihi anyamaze.

Ofisi yao ilitengeneza programu ya kupangia wauguzi zamu. Watu walikaa wawili wawili, meza moja, kompyuta moja: mmoja anaandika, mwenzake anasoma kwa sauti na kukamata makosa, kisha wanapokezana. Mwenzake alikuwa kijana mwenye miwani minene na shingo ndefu, wote wakimwita Twiga.

"Karibu, dada! Kiti chako kilikuwa yatima," Twiga alisema, akawasha kompyuta.

Skrini ikawaka nyeupe pe. Mama Pacha akahisi kama amekatiwa kitunguu puani. Machozi yakatiririka kabla hajasoma hata mstari mmoja.

"Naigeuza nyeusi," alisema akijifuta. "Yote."

Kihariri, yaani dirisha wanaloandikia programu, hakikuleta ubishi: alifungua mipangilio, akachagua mandhari meusi, na usiku ukaingia. Iliyobaki ni terminali, lile dirisha ambalo mtu huandika amri na kompyuta ikatii. Hapo alibadilisha rangi ya nyuma tu, akasahau herufi. Akaandika amri. Kimya. Akaandika tena. Kimya.

"Twiga, hii imekufa?"

Twiga akacheka mpaka kiti kikalia. "Haijafa, dada. Unaandika kwa mkaa juu ya mkaa!"

Naye akacheka. Walizipa herufi weupe, makosa wekundu, maelezo ya pembeni kijivu. Akakodoa macho, akasubiri machozi. Hayakuja. Alisoma ukurasa mzima, na mwingine, na alipofika nyumbani jioni aliimba tena. Pacha wakaziba masikio.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kidonda chenyewe hakikuwa chake, ndiyo maana hakukiona.

Twiga alianza kukosea. Yeye, ambaye nukta iliyopotea alikuwa akiinusa kutoka mlangoni! Sasa koma zilimpita. Alisogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma, akafuta miwani kwa shati, akaanza upya. Mkuu wa ofisi alisimama nyuma yao akiguna. "Twiga, siku hizi una nini? Au nikubadilishie mwenzako?"

"Usingizi tu, bosi," Twiga alijibu upesi.

Asubuhi moja Mama Pacha alikuwa akiandika, Twiga akisoma. "Wodi ya watoto, wauguzi watatu."

Vidole vya Mama Pacha vikasimama. Pale paliandikwa 8, si 3. Akageuka, akamkuta Twiga amekunja shingo yote ile, pua inakaribia kugusa kioo.

"Mdogo wangu, unaisoma au unainusa?"

Twiga akarudisha shingo nyuma. Akavua miwani.

"Herufi nyeupe kwenye weusi huwa zinaniotea manyoya, dada. Kila moja inavimba, inaingia kwa jirani yake. Macho yangu yaliumbwa hivyo. Kwenye nyeupe naona vizuri tu."

"Na siku zote hizi umenyamaza?"

"Ningesemaje? Siku ile ulisoma ukurasa mzima bila kujifuta. Nikaona, acha, nitazoea."

Mama Pacha akaondoa mikono kwenye kibodi. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, yeye alikuwa amemtwika huyu kijana gunia zima akidhani ni pamba. Alitaka kumgombeza, alitaka kumkumbatia. Kisha akawaza: skrini ikirudi nyeupe, yeye ndiye atakayeondoka. Ikibaki nyeusi, ataondoka Twiga.

"Sogea," alisema mwishowe. "Mimi nachagua ukuta, wewe unachagua maandishi. Hakuna anayemhurumia mwenzake. Kikiuma, unasema kinauma."

Wakaanza. Na nani angejua kwamba weusi una ndugu wengi hivyo! Walipita weusi wa lami mbichi, wa sufuria iliyoungua, wa wingu lililobeba mvua.

"Huu?"

"Manyoya."

"Huu je?"

"Huo unanichoma mimi, rudi, rudi!"

Wakatua kwenye rangi ya ubao wa darasani uliofutwa vibaya. Herufi Twiga alizinyima weupe, akazipa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, akazinenepesha, akazikuza. Mama Pacha akapunguza mwanga wa skrini na kuvuta pazia. Terminali nayo wakaivisha sare ileile, herufi kwanza safari hii.

"Mbaya kama nini!" Twiga alisema.

"Mbaya sana," Mama Pacha alikubali. "Soma."

"Subiri, tusome pamoja. Usinisaidie."

Wakasogeza viti, mabega yakagusana. Macho ya Mama Pacha yalikuwa makavu. Twiga alikuwa ameegemea kiti, shingo imenyooka.

"Wodi ya watoto," walisema kwa pamoja, "wauguzi nane."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka Mama Pacha. Twiga akashtuka, akakimbilia mipangilio.

"Inachoma? Niipunguze tena?"

"Usiguse kitu," alisema akitafuta kitambaa. "Asante, mdogo wangu. Haya, mstari unaofuata."