Ghorofa za Mama

Juzi, nikipangusa meza katika ofisi moja hapa Olaya, Riyadh, niliona kwenye kalenda ngome ya kale ya Kijapani, nyeupe, kando ya bahari. Nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni kwetu Nakuru, mvua ikipiga mabati, mahindi yakinukia jikoni, shangazi akinionyesha kwenye simu picha ya mama, aliyekuwa yaya Jeddah, mbele ya ngome hiyohiyo.

"Mamako huyo, kazini," alisema.

"Shangazi, ghorofa zote hizo anazipiga deki peke yake?"

Nililia huku nikizihesabu.

Siku hizi najua mabosi walikuwa wameenda naye Japani, matembezini. Lakini jana nilimwomba shangazi anitumie picha ile, nikaitazama tena. Mgongoni mwa mama amelala mtoto wao, amefungwa kwa leso aliyonibebea mimi, ile niliyoitafuta nyumba nzima alipoondoka.