Sura ya Mama Kwenye Kopo la Mafuta

Katika miaka ile ya soko huria, maduka ya Arusha yalijaa krimu za kujichubua zilizopitia mpakani Namanga. Ziliuzwa waziwazi kama nyanya. Kijenge, nilikokuwa nikiishi na wazazi wangu, jirani yetu alizipaka mpaka mashavu yakawa mekundu na kuchubuka, akawa hatoki nje bila kujifunika mtandio. Kwa hiyo niliposikia kuna mama huko Njiro anatengeneza mafuta ya ngozi yasiyo na sumu, nilikwenda kuomba kazi nikiwa na furaha ya kweli.

Mama huyo alikuwa mtumishi wa serikali kabla ya kupunguzwa kazini. Hakukaa kulia. Aligeuza banda la nyuma ya nyumba yake kuwa karakana, akaajiri wasichana wachache. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na Kiingereza nilikijua, basi akanipa kazi ya kupokea wageni na kutafsiri.

Siwezi kusema uongo, mwanzoni ile kazi ilikuwa nzuri. Maparachichi tuliyapata Kikatiti, yale yaliyoanguka na kupasuka ambayo sokoni hayana mnunuzi. Tuliyakamua mafuta, tukachanganya na nta ya nyuki na utomvu wa mshubiri, yaani aloe. Hoteli za watalii zilirudisha makopo matupu, tukayachemsha na kuyajaza tena. Nilijivunia. Nilimpelekea hata yule jirani yetu kopo moja.

Majani ya mshubiri yaliletwa na kikundi cha akina mama wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, wakulima na wafugaji. Walikata majani ya chini tu, wakaacha moyo wa mmea uendelee kukua. Kiongozi wao alikuwa mama mrefu, mwimbaji wa kwaya ya usharika wao wa Kilutheri, mtu wa utani mwingi. Kila akija aliniletea maziwa ya mgando.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa, umekonda kama mchungaji wa mbuzi wa jirani."

Kisha ikaja oda kutoka ng'ambo. Bosi alituita akasema majani mawili matatu kwa mmea hayatatufikisha popote. Sikumwelewa. Nilidhani atatafuta vikundi vingine. Kumbe alikodi lori na vibarua wenye sururu, wakapanda kile kilima kilicho nyuma ya maboma ya akina mama wale, wakang'oa mishubiri mizima mizima na mizizi yake. Mvua ilipokuja, hakukuwa na kitu cha kushika udongo. Uliporomoka wote mpaka kwenye mashamba yao ya maharage.

Niliyajua hayo siku yule mama wa kwaya alipokuja karakana mikono mitupu. Alinieleza kwa sauti ya chini, amesimama, amekataa kiti. Alipomaliza macho yake yakaangukia makopo mapya mezani. Akachukua moja.

"Huyu si mimi?"

Alikuwa yeye. Picha ile alipigwa na mgeni mmoja wa bosi, siku alipokuwa akiimba kwaya. Sasa ilikuwa kwenye lebo.

"Ni wewe, mama."

"Na haya maandishi yanasemaje?"

Nilitamani kutojua kusoma. Nikamsomea kwa Kiswahili: mafuta haya yametoka mikononi mwa wanawake wanaoulinda mlima.

Alicheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake. "Wamening'olea kilima, halafu wamenibandika mimi niwe askari wake." Akarudisha kopo mezani taratibu, akaondoka.

Wiki iliyofuata wanunuzi wenyewe wakaja, mwanamume na mwanamke, kuona kama mali yao inavunwa kwa haki. Ndani ya gari bosi akanigeukia. "Yule mama ana jazba. Akiongea, wewe lainisha. Ndiyo kazi ya mkalimani."

Hakuwapeleka kilimani. Aliwapeleka uwanja wa kanisa, ambako vibarua walikuwa wamechomeka mishubiri michache jana yake. Ilikuwa imeanza kulala. Akina mama walisimama pembeni na kanga zao nzuri, maana waliambiwa kuna wageni. Mgeni mwanamke akauliza kama wananufaika na mradi.

Yule mama akajibu. Alisema kilima kimeng'olewa, maharage yamefukiwa, na uso wake umechukuliwa bila kuulizwa. Nilitafsiri neno kwa neno. Sikulainisha hata herufi moja.

Bosi akaingilia kwa Kiingereza, huku akitabasamu. Akasema jamani mumsamehe, mama huyu amefiwa majuzi, akili haijatulia.

Nikasogea mbele. Mama wa watu yuko mzima, watoto wake wazima, anazuliwa msiba ili tu maneno yake yasiwe na uzito! "Hajafiwa na mtu," nikasema kwa Kiingereza. "Kilima kiko hapo nyuma, twendeni mkaone."

Mgeni mwanamume akatazama viatu vyake. Akasema kila mradi una changamoto zake. Halafu, Mungu wangu, akauliza kama akina mama wanaweza kushika kopo la kumwagilia mimea ile, apige picha.

Nilimweleza yule mama kilichoulizwa. Aliwaita wenzake kwa Kimaasai, wote wakashika njia ya kwao. Picha ikapigwa hivyohivyo, bosi akimwagilia maji mimea isiyo na mizizi.

Wakati wa kurudi, tulipofika barabara kuu, gari likasimama. "Shuka," bosi akaniambia. Nikashuka. Wageni walikuwa wakitazama mlima upande wa pili.

Oda ile haikufutwa. Mishubiri ilipatikana kwingine, iling'olewa vilevile, na lebo ikawekewa uso wa mwanamke mwingine ambaye sijui kama aliulizwa. Akina mama wale hawakuuza tena hata jani. Walimwomba mwenyekiti wa kijiji afunge kilima, wakapanda upya kwa mstari unaokata mteremko. Nilikwenda mara kadhaa kuwasaidia kubeba miche. Ilishika polepole sana, na shamba moja la maharage halikurudi kuwa shamba.

Miaka ikapita. Siku moja nilikutana na bosi wangu wa zamani dukani mjini, akanikumbatia kabla sijajiandaa.

"Mwanangu, usiniambie bado umekasirika. Ilikuwa biashara tu."

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sababu nimelelewa. Nikasubiri aitikie, kisha nikamwambia, "Mwombeni radhi yule mama wa kwenye kopo, wewe na wanunuzi wako. Anza wewe. Nyumba yake unaijua."

Aliangalia saa yake, akasema ana haraka. Hajaenda mpaka leo.