Honi ya Gari la Bwana Harusi

Miaka ya hamsini nilikuwa fundi wa magari Kariakoo, na sioni haya kusema kwamba nilikuwa fundi mzuri mwenye mdomo mkubwa. Mteja wangu mkuu alikuwa mzee mmoja wa Kihindu mwenye duka la vitambaa. Lori lake nililijua kuliko nilivyomjua mke wangu. Siku moja alikuja uani kwangu kwa miguu, nyuma ya gari dogo jekundu la michezo, la viti viwili, lisilo na paa. Aliyeliendesha ni kijana ambaye Jumapili ile angemwoa binti yake wa pekee.

Nilimsikia kijana kabla sijamwona. Alipokata kushoto kuingia uani, honi ililia yenyewe, kuku wa mwenye nyumba wakatawanyika. Aliponyoosha usukani, ikanyamaza.

"Unasikia, fundi?" mzee akasema. "Pale ukumbini kwa harusi, kutoka mlangoni mpaka barabara kubwa, kona moja tu. Kushoto. Binti yangu analia, mama yake analia, halafu hii kitu inapiga kelele? Watu watacheka. Nataka aondoke na heshima yake."

"Tulia, bwana," nikamwambia. "Jumapili litakata kona kimya mpaka mtadhani limezimika."

Hapo nilikuwa sijafungua hata skrubu moja.

Magari ya namna ile yalikuwa na ujanja wake. Katikati ya usukani palikuwa na kitufe cha honi, na kando yake kijiti cha kuwashia taa za kuonyesha unakata wapi. Nyaya zake zilishuka ndani ya bomba jembamba lililopita katikati ya mhimili wa usukani, zikatokea chini kabisa, mbele. Bomba hilo halitakiwi kuzunguka. Usukani uzunguke, lenyewe litulie, limeshikwa na nati moja huko chini, ambayo pia huzuia mafuta ya usukani yasivuje. Mtu fulani aliyelifungua kabla yangu, Mungu amsamehe, aliiacha nati hiyo imelegea. Kila usukani ulipozunguka, bomba nalo likazunguka, nyaya zikasokotwa na kusagika mpaka shaba ikabaki uchi. Ukikata kushoto shaba inagusa chuma, na honi inalia.

Nilivuta bomba lote juu kupitia usukani, refu kama muwa. Nyaya mpya hazikupatikana, na utepe wangu wa kufungia nyaya ulikuwa mnene, haukupita ndani. Nikaenda dukani kwa mzee kuomba mabaki ya hariri, nizizungushie nyaya na kuzipaka vanishi. Nilitegemea anipe kipande kilicholiwa na mende. Akateremsha jora zuri la rangi ya maziwa, akakata mwenyewe kwa mkasi wake.

"Gari la binti yangu halifungwi matambara," akasema.

Nilipomaliza na kukaza ile nati, nilizunguka Kariakoo nikikata kushoto tu. Mzunguko wa nne, muuza kahawa akaniuliza kama ninatafuta nyumba ya mtu. Honi haikulia. Mzee akaniambia nije Jumapili, nisimame pale konani, endapo litatokea lolote.

Jumapili nilivaa shati jeupe. Kilio nilichokikuta pale ukumbini, karibu na Mnazi Mmoja, ungedhani bibi harusi anapelekwa ng'ambo asirudi. Alikuwa anahamia Upanga, hapo jirani tu! Mimi niliacha kwetu Kilimanjaro, na baba hakuinua hata kichwa kwenye migomba yake.

Kabla hawajaondoka nilichuchumaa mbele ya gari kutazama kama mafuta yanavuja kwenye nati yangu. Hayakuvuja. Ila chini ya tairi niliona nazi nzima, nzuri, imepakwa kitu chekundu. Mimi ni Mchaga. Kwetu nazi haioti, inanunuliwa, na kitu cha kununua hakichezewi. Nikajua imebingirika kutoka kwa wapishi na sasa inapondwa bure. Nikaiokota, nikaufuta wekundu kwa kitambaa changu cha mafuta, nikamkabidhi mama wa bibi harusi kwa adabu zote.

"Mama, hii mtaihitaji jikoni."

Mama akaipokea, akamgeukia bwana harusi.

"Fundi," bwana harusi akasema polepole, "hiyo ni baraka ya safari. Tairi linatakiwa kuipasua."

Wa kwanza kucheka alikuwa bibi harusi, ndani ya mtandio wake, kwa pua iliyojaa machozi. Mama yake alijaribu kukasirika, akashindwa. Mzee, aliyekuwa mbali mlangoni, alisikia kicheko asijue kimetoka wapi, nikamwona ameshika kichwa. Nazi ikapakwa upya, nami nikapigishwa magoti kuirudisha chini ya tairi kwa mikono yangu mwenyewe.

Kisha nikakimbilia konani. Nazi ilipasuka, gari likaja, likakata kushoto. Kimya. Nilikuwa nimeinama nasikiliza honi tu, kwa majivuno, hata nikainua macho na kumwona bibi harusi amegeuka nyuma, kinywa wazi, analia kama mtoto aliyepotea sokoni. Niliona aibu kwa yote niliyoyawaza juu ya Upanga.

Kesho yake mzee alikuja uani.

"Honi haikulia," akasema.

"Haikulia, bwana."

Hakuondoka. Alishika spana yangu, akaiweka, akashika nyingine.

"Wewe ulikuwa pale konani. Mimi uso wake sikuuona. Wameniambia alicheka kwa ajili yako. Pale konani, alikuwa bado anacheka?"

Fundi ana uongo wake wa kila siku, wa njoo kesho litakuwa tayari, nao hutoka bila jasho. Huu ulinichukua muda.

"Alikuwa anacheka, bwana."

Akaniuliza tena, nikamwambia tena.