Mavi ya Ndege Kwenye Miche ya Mlimau

Siku hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani naitafuta nikiwa nimeivaa. Nilikuwa nimeolewa miezi miwili tu, hapa Theta. Mama mkwe alikwenda Ngoliba kumwona bintiye aliyehamia shamba jipya, akaniachia miche sita ya mlimau, kila mmoja kwenye mkebe wake. Alikuwa akimkuzia bintiye huyo. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza pale nyumbani, nami nilitaka sana anipende.

Asubuhi ya pili niliona mavi ya ndege kwenye majani, meusi yenye doa jeupe. Nikafurahi! Kwetu samadi ya kuku haitupwi, nikasema mbolea imejileta yenyewe. Nikawa namwagilia pembeni nisiioshe.

Wiki mbili baadaye mavi hayapo. Pana viwavi wa kijani, wanono, na miche imebaki vijiti. Nikamgusa mmoja. Akachomoza pembe mbili nyekundu kichwani, na harufu ya machungwa yaliyooza! Nilipiga mayowe, nikakimbilia dawa ya kuulia wadudu wa kabeji.

Mama mkwe aliingia akanikuta nayo mkononi.

"Ngai! Weka hiyo chini, Wanjiru. Siku ya kwanza uliona nini?"

"Mavi ya ndege, mama."

"Uliyagusa?"

"Hapana."

"Basi hayo mavi ndiyo viwavi hawa wakiwa wadogo; wamekudanganya vile wanadanganya ndege. Ni ndege gani atakula mavi?"

Akamshika mmoja kwa mkono mtupu. Pembe zikatoka, akacheka. "Hizi ni za kutisha tu. Debe tupu haliachi kuvuma."

Akawahamishia kwenye mlimau mzee wa uani, wenye majani ya kutosha, akaniambia nimchunguze mmoja. Kiwavi huyo alijifunga kijitini kwa uzi, akawa kama jani lililokauka. Asubuhi moja akatoka kipepeo mweusi wa madoa ya manjano, mabawa yakiwa bado mabichi. Chai iliungua nikimtazama.

Lakini miche miwili ilikufa. Mama mkwe alipopakia minne iliyochipua tena ampelekee bintiye, nililia, kwa sababu hakunigombeza.

Mwanangu unayetafuta maisha huko Ruiru, kikulacho ki nguoni mwako. Mwenye pembe na harufu utamkimbia bila kufundishwa. Uliyemfurahia siku ya kwanza, huyo ndiye wa kumgusa kwa kidole umjue. Na uulize, kuuliza si ujinga. Mungu akupe macho ya kudadisi, na mtu wa kukusahihisha bila kukuaibisha.